Mikoko ya Mbao

Shangazi Jumwa tulimzika Jumamosi, nyumbani Kaloleni, na Jumatatu nilikuwa kwenye nyumba yake ya Mishomoroni, Kisauni, nafungua kitanda chake mbao baada ya mbao ili kipite mlangoni. Watu walidhani nimejitolea kwa sababu nilimpenda. Nilimpenda, lakini sikwenda kwa hilo. Nilitaka kuingia chumba cha nyuma peke yangu kabla ya watu kuanza kugombania vyungu. Nilipoingia nikakuta ukuta bado una weusi wa moshi pale tulipokuwa tumeweka meza, umepanda hadi kwenye mabati, na ukisogeza pua karibu, harufu ya mbao iliyoungua ingalipo. Nikakaa juu ya debe. Kuna mwaka mmoja wa ujana wangu ambao nimeusimulia mara nyingi, mbele ya vijana, kwenye maonyesho, hata redioni mara moja, na kila mara nimeusimulia kuwa ni mwaka wa kazi za mikono na bahati njema. Sikutunga chochote. Niliacha jambo moja tu nje, na hilo moja ndilo mwaka wenyewe. Husemwa majuto ni mjukuu. Wangu amezaa, nami namlea kitukuu. Basi leo naandika yote, na atakayenichukia asinionee haya.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, kaka yangu Karisa akinizidi mitatu. Karisa alikuwa mchoraji wa mabango: saluni, vibanda vya chipsi, milango ya makanisa. Shule aliiacha darasa la saba, lakini mkono wake ulikuwa umesoma kuliko mimi niliyefika chuo. Mimi nilijua kompyuta. Mwanamume mmoja wa Magongo alikuwa anafunga duka lake la mihuri na zawadi, akatuuzia mashine yake ya leza, na sisi tukaibeba hadi kwa Shangazi ikiwa imefungwa kwa shuka. Ilikuwa kitu cha kudharaulika ukikitazama: vyuma vinne vilivyounganishwa mraba, na juu yake kichwa kidogo kinachokwenda na kurudi, kikishusha nukta ya mwanga wa buluu juu ya ubao. Haikuwa na kifuniko wala sanduku. Mle ndani ya shuka tulikuta kijitabu cha Kiingereza na miwani moja ya kijani, nzito, yenye mbavu za mpira pembeni. Kijitabu nilikisoma mimi, ukurasa kwa ukurasa, maana Kiingereza cha Karisa kilikuwa cha mabango.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Karisa alichora mandhari kwa penseli, kilima na bonde na maji. Mimi nilipiga picha ule mchoro, nikauingiza kwenye kompyuta na kuugawa matabaka, kila tabaka ubao wake mwembamba wa plaiwudi. La nyuma kabisa ni mbingu. Linalofuata ni vilima vya mbali, halafu miti, halafu nyumba, hadi la mbele ambalo halibaki na mbao nyingi, ni matawi na mizizi tu kandokando. Ukiyagundisha yote pamoja, jicho linaingia ndani kama linavyoingia dirishani. Rangi hatukununua. La nyuma tuliliacha na weupe wake, yanayofuata tukayapaka chai ya rangi, moja kikombe chepesi, jingine kikombe kizito, na la mbele tulilipaka machicha ya kahawa tungu tuliyopewa bure na muuza kahawa wa pale kituoni. Chumba kikawa kinanuka kiwanda na mkahawa kwa pamoja. Shangazi alikuwa akituletea chakula kwenye sinia, sima na mchicha wa nazi, na papa mkavu siku njema, akisimama mlangoni na leso puani. "Hata uji wangu wanuka mkaa," alisema. "Siku moja mtanichoma na nyumba, wanangu, halafu mnikate mnibandike ukutani." Kisha alikuwa akiingia, akachukua kipande cha mti kilichoanguka sakafuni, akakitia kwenye kibindo. Baada ya miezi michache alikuwa na msitu mzima juu ya kabati lake.

Katikati ya mwaka alikuja Mzee Athumani. Alikuwa mtu wa familia kongwe, mwenye maduka, kanzu yake imepigwa pasi hadi unaogopa kumpa kiti. Alikuwa anamwozesha binti yake kwa watu wa mbali, na binti angesafiri na mume wiki ile ile ya harusi. Mzee alitaka ampe kitu cha mtaa wa kwao, Shika Adabu, kama palivyokuwa kabla hapajajengwa. Picha hakuwa nayo. Alikuwa na mdomo tu. Alikaa na Karisa alasiri tatu, akimsimulia, na Karisa akichora.

"Hapa pateremka," alikuwa akisema. "La, si hivyo, mwanangu. Pateremka polepole, kama mtu mwenye heshima. Hapo ndipo ilipokuwa nyumba ya mamangu. Ukishuka wakuta mikorosho mitatu, na ukimaliza mikorosho waanza kusikia tope. Mikoko ndiyo hiyo. Mizizi yake ilikuwa mingi hata kuku alikuwa hapiti."

"Mizizi hiyo niitie yote, mzee?"

"Yote. Nilicheza mle. Binti yangu ataitazama usiku kwa watu asiowajua. Usinipunguzie hata mmoja."

Karisa hakupunguza. Tabaka la mbele la ile kazi lilikuwa mizizi mitupu, mingine myembamba kama njiti ya kiberiti, imepishana kama vidole vya watu wanaoomba dua. Nilipoligawa kwenye kompyuta nilimwambia mbao hii itaungua kabla haijakatika. Akasema ataisimamia mwenyewe, mzizi kwa mzizi, na moto ukionekana ataupuliza. Nasema hili ili ieleweke kwa nini ilibidi mtu atazame. Mashine ile haikuachwa peke yake. Plaiwudi ikishika moto chumba kimekwenda, na mizizi ile ilihitaji jicho lililoinama.

Ndipo yakaja macho mekundu. Mtu yeyote wa Mombasa anayajua, huja kwa msimu wake, na mwaka ule yalikuja kama mgeni aliyekaribishwa nyumba zote. Kisauni nzima ililia machozi bila msiba. Asubuhi watu waliamka kope zimegandana, na mchana walitembea na miwani myeusi ya barabarani, hata mama muuza mahamri, hata mhubiri, ukadhani mtaa mzima umekuwa wasanii. Kupitia dirisha letu nilikuwa namsikia jirani yetu Bi Rukia akizungumza na Shangazi ukutani.

"Mimi wallahi nimetia chai ya rangi, nimetia maziwa ya mzazi, bado yaniwasha."

"Chai haina nguvu," alijibu Shangazi. "Chuma majani ya mwarobaini hapo uani kwangu, uyachemshe, uyachuje kwa leso safi. Matone mawili. Yatakuuma kidogo, ukipiga kelele nitakusikia."

"Na wale wanao wawili mle ndani? Waambie wasipeane kitambaa. Wasilalie mto mmoja. Hayo yaambukiza kwa kutazamana tu."

"Kwa kutazamana hayaambukizi, Bi Rukia."

"Basi we watazame."

Wakacheka. Nami nilicheka, na kwa kweli niliogopa. Nilikuwa na uoga wa kijinga wa ugonjwa ule. Nilikuwa na posa siku zile, mtu alikuwa aje kunitazama mwisho wa mwezi, na sikutaka anikute na macho ya pweza.

Yalimpata Karisa Jumapili. Harusi ilikuwa Ijumaa. Jumatatu asubuhi niliingia chumbani nikamkuta ameketi mbele ya mashine, kope zimevimba, miwani ya kijani mkononi. Siku zote tulikuwa tukipeana ile miwani; anayesimamia anavaa, mwingine anageuka ukutani au anatoka. Alikuwa ameipangusa kwa maji ya dawa hadi imeng'aa. Akaniwekea mezani, mbali na yeye.

"Chukua wewe," akasema. "Mimi sitaigusa tena mpaka nipone. Nikikuambukiza Shangazi ataniua, na yule bwana wako atanimalizia."

"Na wewe?"

Akatoa mfukoni miwani myeusi aliyonunua kwa mchuuzi wa kituoni, ile ile iliyovaliwa na mtaa mzima. Akaivaa, akanigeukia.

"Miwani hii nyeusi itafaa?"

Kile kijitabu kilikuwa na ukurasa mmoja wenye maandishi makubwa kuliko mengine. Ulisema miwani ya jua haizuii mwanga ule, hata iwe nyeusi namna gani, na kwamba jicho linaloungua kwa mwanga ule halisikii maumivu. Nilikuwa nimeusoma mara mbili. Naukumbuka hata doa la chai lililokuwa pembeni yake. Ningeweza kumwambia atoke, nisimamie mimi peke yangu. Lakini sikuijua mizizi ile kama yeye, ningeiharibu, na Ijumaa ilikuwa inakuja. Ningeweza kumpa miwani ya kijani nami nikae nje siku nne. Lakini ubao ule ulihitaji watu wawili, mmoja atazame, mwingine aongoze kompyuta. Na ningeweza kuivaa baada yake, kwa zamu kama siku zote, nikapata macho mekundu kama watu wote wa Kisauni, nikapona baada ya wiki kama watu wote wa Kisauni. Hilo ndilo sikutaka. Hayo yote niliyawaza kwa muda wa kumeza mate.

"Itafaa," nikasema.

Siku nne nilikaa upande wangu wa meza na miwani ya kijani usoni, naye upande wake. Kwa kuwa miwani yake ilikuwa nyeusi sana, hakuona vizuri, kwa hiyo aliinama. Aliinama hadi nikaogopa nywele zake zitaungua. Mzizi ukimalizika aliupuliza, akaushika kwa kibano, akaunyanyua kwenye taa na kutabasamu kwa kope zile zilizovimba. Mara nyingine nilitoka kusonga sima, na miwani ya kijani nilitoka nayo kichwani, maana ilikuwa yangu sasa. Nikirudi namkuta bado ameinama vile vile. Mchana na jioni Shangazi aliingia na kikombe chake cha maji ya mwarobaini, akamlaza chali kwenye mkeka, kichwa chake mapajani mwake ingawa alikuwa mwanamume mwenye ndevu. "Fumbua. Fumbua nawe, waogopa nini?" Karisa aliruka kwa ukali wa yale maji, akatukana kidogo, Shangazi akampiga kofi la shavuni na kumbusu papo hapo. Mimi niliyaona hayo yote kwa rangi ya kijani.

Alhamisi jioni tuligundisha. Kazi ya kugundisha ilikuwa yake siku zote, hakuniachia. Safari hii alichukua tabaka la mikorosho, akaligeuza, akaligeuza tena, akalisogeza pembeni ya uso wake kama kuku anayetazama punje.

"Sidi, hii ndiyo ya tatu?"

"Ya nne. Huoni alama?"

"Naona pembeni. Katikati pana kitu. Haya matongotongo yamenizidi."

Akavua miwani, akanitazama. Macho yalikuwa yameanza kuwa meupe tena, uvimbe ulikuwa umepungua. Akacheka. "Hata wewe huna uso. Una masikio tu na kilemba." Nikamwambia apumzike, yatapita. Nikaendelea kupaka gundi. Ijumaa asubuhi Mzee Athumani alikuja kuchukua mzigo wake, akaufungua kitambaa, akasimama mbele yake. Alipitisha kidole kwenye mizizi, mmoja mmoja, midomo ikicheza kama anayehesabu. Kisha akamshika Karisa mabega yote mawili. "Mungu akupe macho haya haya mpaka uzeeni," akamwambia. Karisa akaitikia amina, akitazama kando ya sikio la mzee.

Macho mekundu yaliondoka Kisauni baada ya wiki chache. Lile doa la Karisa halikuondoka. Alijaribu kuchora, ncha ya penseli ikawa inapotea kila anapoitazama. Alijaribu bango la kinyozi, akakosea jina la mwenyewe. Mwishowe nilimpeleka kwa daktari wa macho, tukakaa kwenye benchi tangu alfajiri hadi adhuhuri. Daktari alimmulika kwa muda mrefu, jicho moja, jingine, akarudia. Akasema nyuma ya jicho pana kovu, katikati kabisa, pale mtu anaposomea na kutambua nyuso, na ni macho yote mawili, na kovu halina dawa. Akamuuliza kama alitazama jua. Akamuuliza kama anachomelea vyuma.

"Mimi nakata mbao, daktari."

"Ulitia kitu chochote machoni?"

"Maji ya mwarobaini. Shangazi alinitia, wakati wa macho mekundu."

Daktari akaweka kalamu chini. Alikuwa amechoka, na nadhani mtaa mzima ulikuwa umempitia na majani yake. "Mnajitia miti machoni, halafu mwaja kwetu," akasema. Hakusema kwamba ndiyo sababu. Alikasirika tu, kama mtu anayeona jambo lile lile kila siku. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe dadake, kuna jambo jingine ambalo ningepaswa kujua?"

"Hakuna," nikasema. Hiyo ilikuwa mara ya pili, na ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza.

Tulipofika nyumbani, Shangazi alikuwa ametuandalia wali wa nazi na mchuzi wa samaki, akidhani tunarudi na habari njema. Karisa alikaa mbele ya sinia, akaisukuma kwa vidole viwili, taratibu.

"Ni majani yako, Shangazi. Daktari amesema."

Daktari hakusema hivyo. Nilikuwa nimekaa pale, kijiko mkononi. Shangazi aliniangalia mimi, akingoja nimsahihishe, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Nikatazama wali. Akainua leso akajifunika uso mzima, na kutoka ndani ya leso akamwomba radhi mtoto aliyemlea, kwa Kigiriama, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa bila mkono kukataa. Wiki ile ile alimwita mtu mwenye shoka, akauangusha mwarobaini wa uani, akaung'oa hadi kisiki. Bi Rukia alikuja mbio kuuliza kulikoni, mti wa dawa wakatwa vipi. Nilimsikia Shangazi akimjibu kutoka kule kwenye vumbi: "Ulikuwa na sumu. Nami sikujua." Tangu siku hiyo hakumpa mtu dawa, hata mtoto mwenye homa. Aliyekuja kumwomba alimwambia aende hospitali, akafunga mlango.

Karisa alihamia Magongo kabla mwaka haujaisha. Alimwoa Mapenzi, mwanamke mwenye subira, akawa anauza maji ya mitungi. Ukizungumza naye anatazama kando yako, kwa kuwa kando ndiko anakoona. Mashine niliiuza. Mtu wa posa alikuja akanikuta na macho safi, akanioa, tukaachana baadaye kwa mambo mengine yasiyohusika hapa. Kazi ya kuchora matabaka niliendelea nayo, sasa nina karakana yenye mashine ya kifuniko na vijana wanaovaa kila mtu miwani yake, na nikiwafundisha huwakaripia kuhusu miwani hadi wanacheka. Wananiita Mama Miwani. Hawajui, nami nawaacha wacheke. Shangazi alikuwa akiniuliza kila nikimtembelea: "Karisa yuaniulizia?" Nilimjibu ndiyo, anakusalimu. Ule nao ulikuwa uongo, na sijui kwa nini ule ndio ulionitoa machozi njiani.

Jumatatu ile nikiwa nimekaa juu ya debe, Karisa aliingia. Alikuja na Mapenzi kunisaidia kutoa vyombo. Mkewe akabaki uani na Bi Rukia, yeye akapapasa ukuta hadi chumba cha nyuma, akakaa sakafuni. Alivuta hewa puani.

"Bado panuka," akasema. Akakunja miguu, akaendelea: "Sidi, nilikuwa nimeamua kuja. Nilimwambia Mapenzi, Pasaka twende kwa Shangazi, nimwambie yamekwisha. Alitaka kunitibu tu. Mtu hukosea. Nikasema Pasaka."

Hapo nilimwambia. Sikupamba. Nilimwambia kuhusu kijitabu, ukurasa wenye maandishi makubwa, na kwamba aliponiuliza nilikuwa najua. Nilimwambia kwamba majani hayakuhusika, na kwamba niliogopa kupata macho mekundu. Alisikiliza kichwa amekiinamisha upande, sikio kwangu. Nilipomaliza akasema, "Rudia." Nikarudia. Nje Bi Rukia alikuwa akimweleza Mapenzi bei ya nazi.

"Shangazi alikuja Magongo mara tatu," Karisa akasema. "Mara ya mwisho alikuja na kuku. Nilimwambia Mapenzi amwambie sipo, na nilikuwa nimekaa hapo hapo nyuma ya pazia. Alijua nipo. Alimwacha yule kuku akaenda zake."

"Karisa..."

"Juma lililopita alikuwa hai, Sidi."

Akaegemea ukuta, akainuka kwa shida, mkono wake ukitafuta mlango hewani, nami nikasimama haraka nikamnyooshea wangu, kama nilivyomnyooshea miaka yote hii kila palipo na ngazi au shimo. Vidole vyetu vikagusana. Akautambua, akaurudisha wake kifuani.

"La," akasema. "Niitie Mapenzi."

Nikatoka kwenda kumwita.